Barua kwa Mtu Mkali wa Makosa

"Isafishe hii," mkurugenzi alisema, akiweka karatasi mezani. "Anayeandikiwa ni mkali wa makosa. Akikuta herufi moja imekaa vibaya, atatuona watu wa ovyo."

Msahihishaji alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Miaka ishirini na sita katika chumba kile cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji, na bado watu wazima waliandika kama wanaokimbizwa.

"Tena usikawie, mzee wangu."

"Haraka haraka haina baraka, bosi," alijibu, ingawa siku hizo hakuwa na ubavu wa kutaniana na wakubwa. Mkataba wake ulikuwa unakwisha Ijumaa. Kila jioni mkewe alimuuliza, "Wamesemaje?" na kila jioni alijibu kuwa bado. Swali hilo lilimchosha kuliko kazi yenyewe.

Alianza kama alivyofundishwa ujanani: kutoka neno la mwisho kwenda la kwanza, rula ikifunika mistari mingine. Ukifuata maana, maana hukuteka, na kosa hupita mbele ya macho yako likikucheka. Kwa hiyo hakujua kamwe barua za watu zilisema nini. Alijua tu zilikuwa na makosa mangapi.

Hii ilikuwa na tisa. Tisa, ukurasa mmoja! Na nafasi ya jina hata haikuwa imejazwa. Alimwonea haya mkurugenzi: mtu wa tai nzuri vile, kumbe kwenye kalamu yuko kifua wazi. Akasahihisha yote, akampelekea mwenyewe.

Mkurugenzi aliipitia taratibu, akashusha pumzi. "Umeniokoa. Sasa hana pa kutucheka."

"Ndiyo kazi yangu, bosi."

Kwa mara ya kwanza wiki ile alihisi nafuu. Mtu anayehitajiwa namna hii, alijiambia akirudi kwenye kiti chake, hawezi kuachwa. Leo mkewe angepata jibu.

Saa tisa katibu muhtasi aliingia na barua ileile, imechapwa upya, imo ndani ya bahasha. Hakuitia kwenye trei ya posta. Aliiweka mbele ya msahihishaji, akafungua kitabu cha kupokelea barua, akaangalia pembeni.

"Tia sahihi hapa, mzee, kwamba umeipokea," alisema. "Na pole sana."