Nguzo Nne za Njano

Bomba la gesi lilipofukiwa mbugani, Muhanga, mchimbaji makini, alisimika nguzo nne za njano juu yake. Akapiga marufuku kuchimba shimo hatua arobaini kila upande.

Ngiri, bingwa wa kujitwalia, aliutamani udongo ule laini. Akazing'oa nguzo, akazisimika nyumbani kwake, ili Muhanga akizihesabu azikute zote.

Kabla Ngiri hajaanza kuchimba, Muhanga akabisha hodi, majirani wote nyuma yake.

"Bwana Ngiri, toa watoto na vyombo. Kwa nguzo hizi, bomba liko chini ya kitanda chako. Nyumba tunaibomoa sasa hivi."

"Haiwezekani! Bomba haliko hapa!"

"Umejuaje?"

Ngiri akawatazama majirani. "Liko kule nilikozing'oa," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua. Mtaro wa bomba niliuchimba kwa kucha zangu. Nilitaka useme mwenyewe, wasikie hawa ambao ungewaunguza."

Ngiri akazirudisha nguzo kwa meno yake, moja moja, mchana kweupe. Mpaka leo, hata panya akikwaruza udongo karibu nazo, wa kwanza kufoka ni Ngiri.