Magoti Yasiyochakaa

Siku hizi mchimbaji wa visima vya mvuke hastaafu kwa umri. Anastaafu viungo vyake vikichakaa, na mpimaji wa kampuni akithibitisha.

Mume wangu, Anyosisye, alikuwa amekaribia. Magoti yake yalilia kila alipoinuka, mpaka nikawa najua kwa mlio tu kama yuko jikoni au sebuleni. Kampuni ikaleta tiba: magoti ya chuma yenye vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, kama beringi za keekee zao za kuchimbia visima. Vishimo hivyo hutunza mafuta, chuma kisisagane na chuma. Mke ndiye anayetia sahihi ya kukubali. Nilimwonea huruma, nikatia.

Ni miaka kumi na tisa sasa. Leo asubuhi mpimaji amekuja tena, akaweka kifaa chake gotini, akasikiliza.

"Hongera, mzee. Bado mapya kabisa."

Anyosisye ana miaka sabini na minane. Alishukuru, akainama kufunga kamba za buti. Vidole vilimtetemeka, ikabidi nimfungie mimi.

"Ahsante, Mama Lusajo," akasema, akainuka kwenda kazini.

Nikatega sikio, kama kila asubuhi. Magoti hayakulia.