Kona Mpaka Kona

"Kata toka kona mpaka kona," mnunuzi wa picha alimwambia Kampire. "Ubao ikibakia muzima, utachapa zingine, na hizi zangu kumi na mbili zitakosa bei."

Picha zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, wino haujakauka. Kampire ndiye aliyeuchonga ubao huo wa kuchapia: baba yake amesimama na Gaju, ng'ombe wao.

Alisukuma kisu. Mkwaruzo ulipita pembe za Gaju, ukakata shingo yake, ukakaribia uso wa baba. Hapo mkono ulisita.

"Kampire, kuja," baba aliita kutoka zizini. "Gaju iko inatoka damu ku shingo. Nani aliikata?"

Mnunuzi aligusa ubao kwa kidole.

"Haiyafika ku kona," alisema taratibu. "Malizia."