Toazi Lililofunika Maharagwe

Semahoro alililamba toazi mara mbili, akatema mate kando, kisha akaomba kiti.

Hapo majirani wakajua kuna jambo. Tangu afungue kibanda chake nyuma ya soko la Mbarara, Uganda, katikati ya waziba sufuria, hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Matoazi ya Uturuki, zile sahani za shaba zinazopigwa pamoja na ngoma, aliyasoma wima: anageuza, anagonga kwa ukucha, anasoma chapa ya kiwanda, anataja umri.

"Kama chapa ina jina ra zamani ra mji," hupenda kusema, "ni mbere ya erfu moja mia tisa therathini. Baadaye mji uribadirishwa jina. Watu wanadanganya, chapa haidanganyi."

Ulimi wake, kama wa ndugu zake wengi wa milima ya juu ya Uvira, Kongo, haukuwa na nafasi ya herufi L. Ilipobisha hodi, R ndiyo iliyofungua mlango.

Toazi la siku hiyo, mwaka 2009, lililetwa na Marthe, mjane kutoka Fizi anayelima maharagwe kanda ya Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Alikuja nalo kwa boda boda, limefungwa ndani ya kitenge.

"Ririkuwa wapi miaka yote hii, mama?"

"Ku jiko, papa. Njo mufiniko ya sufuria. Bwana yangu, Mungu amurehemu, alikuwa anaipiga mu kanisa. Tulipokimbia mu 96, mvua inanyesha, nikaitia ku kichwa. Mwamvuli ya shaba!" Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Sasa Elisée wangu anataka kuoa. Baba ya ule binti ni mufugaji wa Endiinzi. Anasema kama Jumamosi hakuna ng'ombe, Benitha anaenda kwa mwengine. Sisi ni batu ba maharagi, papa. Ng'ombe nitaitoa fasi gani? Banasema wewe uko na mutu wa Kampala, akipenda sahani, anatoa bei ya ng'ombe muzima."

Semahoro aliligeuza tena. Nyundo ya mkono ilikuwa imeliachia makovu yasiyolingana, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Chapa ilikuwa imezama ndani ya shaba: mwezi mchanga, maandishi yanayotambaa kama siafu, na jina la mji. Akaligonga kwa ukucha. Sauti ilitoka kibandani, ikaenda hadi kwa wauza matoke, ikauliza bei, ikarudi. Jirani aliyekuwa anaziba ndoo alisahau nyundo yake hewani.

"Mama Erisée," Semahoro alisema polepole, "hiri ni ra kweri."

"Kwani ile ingine yote ni ya nini?"

"Na yare pia," alijibu haraka. "Yare pia."

Kizito, mnunuzi wa Kampala, alifika saa sita. Alikuwa amekwisha kununua matoazi kumi na moja mikononi mwa Semahoro, yote, kwa maelezo ya Semahoro, yametoka kwa wakimbizi wa Nakivale. Mtu akiyahesabu angedhani Wakongo walikimbia vita na bendi nzima kichwani. Kizito aliyauza kwa wapiga ngoma wa Ulaya, na hakuna aliyelalamika.

Hakugonga wala hakusikiliza. Alitoa kioo chake cha kukuzia, akakipeleka moja kwa moja kwenye jina la mji, akakunja uso.

"Mzee, hii hapana. Hii feki."

"Feki? Kizito mwanangu, sikiriza kwanza sauti..."

"Sauti hapana! Wewe mwenyewe ulinifundisha, ssebo. Mimi niliuliza, kwa nini ile kumi na moja yote iko ISTANBUR? Ukaniambia, Waturuki ya zamani walikuwa naandika R mwisho. Ile ya L ni ya juzi, ya kukamata wajinga. Sasa angalia. Hii iko na L."

Semahoro alilivuta toazi upande wake. "Ziko chache za zamani zenye R."

"Zenye R iko mingi, mzee. Niko nazo."

"Siyo R! Nasema R!"

"Sasa R gani na R gani?"

"Hiyo hapo!" Semahoro alilidonoa toazi kwa kidole. "Hiyo R yako!"

Kizito alikunja kioo chake akakitia mfukoni. "Mimi nakwenda kula. Saa nane narudi. Ukipata moja yenye R, nachukua leo leo. Hakuna, nakwenda Kampala."

Alipotoka, Marthe aliona kama ng'ombe wa Benitha anamfuata nyuma, mkia ukipunga kwaheri. Aliketi chini, kitenge mapajani.

"Papa Semahoro. Kumbe bwana yangu balimudanganya?"

"Hapana, mama." Semahoro alipitisha kidole gumba juu ya lile jina, taratibu, kama anayepapasa kichwa cha mtoto aliyelala. "Mume wako ndiye pekee ambaye hakudanganywa. Hebu ngoja inje kidogo. Ng'ombe wako atapatikana."

Akafunga mlango. Akalilaza toazi juu ya kipande cha reli anachofulia shaba, akainua ubao wa sakafuni, akatoa ile patasi ndogo aliyogongea chapa ya yale mengine kumi na moja, akaanza kusahihisha makosa ya Waturuki.