Sauti za Wake wa Wachimbaji

Seva ya Unix, kompyuta kuu ya redio ya Potosí, mji wa migodi nchini Bolivia, ilikuwa ikikataa kuwaka tangu Eulalia alipoiwekea mfumo upya asubuhi.

Alifungua kifuniko, akamulika diski kwa tochi ya simu. Diski mpya ilikuwa haijaunganishwa waya. Mfumo alikuwa ameuandika juu ya ile ya zamani, yenye sauti za wake wa wachimba madini, wengi wao marehemu. Nakala nyingine haikuwepo.

Mkurugenzi wa redio akaingia na kikombe cha chai ya majani ya koka.

"Bado inakununia?"

"Bado, mama."

"Usijitese, binti yangu. Imezeeka kama mimi. Ikifa, tutasema imekufa kwa uzee."

Eulalia akakitazama kikombe. Uongo wa kumkinga alishaletewa, pamoja na chai. Mkurugenzi akaanza kufuta vumbi kwenye seva kwa ncha ya shali yake, polepole, kama anayempangusa mtoto uso.

"Sauti ya mama yako ilikuwa humu?" Eulalia aliuliza.

"Imo," mkurugenzi alimsahihisha. "Imo na za wenzake."

Eulalia akaushika ule mkono wenye shali, akausimamisha.

"Haikufa kwa uzee, mama. Kaa kwanza."