Kibali cha Melania

Kalamu ya mumewe ilisimama juu ya fomu, haishuki. Alikuwa Mchina mwenye karakana ya kushona jinzi kule Xintang, na bila sahihi yake, kibali cha Melania cha kuishi Guangzhou kama mke wa mtu kingekwisha Ijumaa.

"Funga kwanza lile duka lako la mtaa wa Dengfeng," alisema kwa Kichina, kwa sauti ya upole. "Ukae nyumbani. Hapo nitasaini."

Ofisa wa uhamiaji aliinamisha macho nyuma ya kioo.

Melania aliutazama mkono ule. Kucha zilikuwa na buluu ya jinzi isiyotoka. Miaka sita ya ndoa, yeye ndiye aliyekuwa akimsugulia kwa limau kila Jumamosi.

Akaivuta fomu. Ncha ya kalamu ikaigusa, ikachora mstari mrefu wa wino kwenye karatasi.

Kisha akatoa mkobani usajili wa kampuni na kibali cha kazi, vyote kwa jina lake.

"Naomba kubadilisha aina ya ukaazi," alimwambia ofisa. "Niandike mfanyabiashara."

"Umevipata lini hivi?" mumewe akauliza.

"Nilianza kuvitafuta mwaka jana, siku uliponitishia mara ya kwanza."

Akaisukuma pasipoti yake chini ya kioo.