Asiyeamini Ndiye Awashe

Ufunguo ukazungushwa tena. Motokari ya Mtumishi Phinées ikanyamaza kama ukuta.

Watu waliotoka kwenye maombi, katika kiwanja kimoja cha Bungulu, wakaizunguka. Ilikuwa motokari ya zamani, nyeusi, yenye pua ndefu, na vyuma vya pembeni vimesuguliwa mpaka vinaumiza macho. Agar aliitazama kwa dharau. Akamtazama na mwenye motokari: viatu vyeupe, katika vumbi la Beni!

"Débora, twende hôpital. Huyu mutoto anachomeka."

"Yaya, ngoja," Débora alimjibu dada yake mkubwa. "Mutumishi hajamuombea bado."

Débora alikuwa amempakata Hadassa, mtoto wake wa pekee. Homa ilikuwa haijashuka tangu juzi. Hadassa hakulia tena, na ukimya huo ulimtisha Agar kuliko kilio.

Ndipo akajitokeza fundi mmoja, ingawa hakuna aliyemwita. Alikuwa mwembamba, mgeni mtaani, na mfuko wa vyuma begani. Alisema amekimbia vita kule Kanyabayonga. Akainua boneti, akachungulia.

"Motokari ya mutu wa Mungu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "inashindwa na nini? Mashetani imekula démarreur?"

Watu wakacheka. Agar akacheka kuwashinda wote. Tangu asubuhi alikuwa akitafuta walau mtu mmoja mwenye akili katika kiwanja kile, na sasa amempata.

Fundi alifanya kazi kwa utaratibu. Aliwasha taa, zikawaka vizuri. Akabonyeza honi, ikalia mpaka kuku wakaruka. "Donc bateri iko muzima," akasema. Akasugua vichwa vya betri kwa msasa, akavikaza, akazungusha ufunguo. Kimya, hata mlio mdogo hakuna. Akajilaza chini, akagonga démarreur, ile mota ya kuwashia injini, kwa spana.

"Gonga kweli!" Agar alimhimiza. "Unaipapasa kama bibi-arusi?"

Fundi akagonga kweli. Kimya.

"Tusukume!" vijana wakasema.

"Hii ni automatique, hapana ya kusukuma. Mutaisukuma mpaka Butembo na haitawaka."

Agar akamkumbuka marehemu mume wake, aliyeendesha lori njia ya Kayna. Démarreur ikigoma, alikuwa akigusisha bisibisi kwenye vyuma viwili nyuma yake, na injini inazunguka bila ufunguo. Akamweleza fundi.

"Mama, weye ndiye fundi?" fundi akamkata. "Ukitaka tuungue wote, lete hiyo bisibisi."

Agar akarudi nyuma hatua moja. Alimsamehe. Mwenye kazi ni yeye.

Mwishowe fundi akajifuta mikono, akaigeukia ile jozi ya viatu vyeupe. "Mutumishi, mie nimeshindwa. Ambia Mungu wako aiwashe. Kama anaponesha batu, chuma kitamushinda?"

Kicheko kikazagaa. Mtumishi Phinées hakukasirika. Alitabasamu kama mtu aliyeletewa chai.

"Umesema weye," akajibu. "Na Mungu akiamusha chuma hiki kilichokufa, nani hapa ataogopa homa ya mutoto?"

Macho yote yakamwendea Débora.

"Ikiwaka," Débora alisema, "siendi hôpital. Nitabaki hapa kwa maombi mpaka Hadassa apone."

"Na isipowaka?" Agar akauliza.

"Isipowaka, yaya, tunaenda sasa hivi."

Agar akataka kumwambia fundi atafute tena, apate ubovu kabla ya maombi, ionekane ni kazi ya spana. Lakini fundi alishaweka vyuma vyake mfukoni. Alibaki amesimama kando ya injini, mikono kifuani, mdomo umepinda kwa dharau.

"Huyu mama anayecheka sana," Mtumishi akasema, "yeye mwenyewe aingie, azungushe ufunguo. Asiyeamini ndiye awashe."

Agar akaingia, akakaa kwenye kiti cha ngozi kilichopasuka. Boneti iliyoinuliwa ilimziba mbele, asione kitu. Alisikia tu Mtumishi akija kuweka mikono juu ya injini, na nyuma yake watu wakiimba.

"Chuma, amuka!"

"Amina!"

"Mama, zungusha!"

Agar akazungusha. Kimya.

Maombi yakapanda. Lugha zisizojulikana zikamiminika, makofi yakapigwa, mwanamke mmoja akaanguka. "Zungusha!" Kimya.

Mara ya tatu Agar alikaza vidole mpaka vikauma. Yeye aliyekuwa akicheka, sasa aliomba kwa nguvu zake zote: isiwake, Bwana, tafadhali isiwake.

Haikuwaka.

Nyimbo zikapungua, kisha zikakatika. Mtu akakohoa. Kupitia dirisha la pembeni Agar alimwona Débora akisimama, akimfunga Hadassa mgongoni kwa kitenge na kwenda mbio barabarani kutafuta pikipiki.

Agar akashika mlango ili amfuate. Hapo, kupitia upenyo mdogo chini ya boneti, ikamfikia sauti ya Mtumishi, ndogo, kavu, haina tena Mungu ndani yake:

"Malachie, rudisha ile waya tuliyochomoa kwa démarreur, mbio."

"Yaya," fundi akamnong'oneza Mtumishi, kama mdogo kwa kaka yake, "niliirudisha tangu ile amina ya kwanza."